Mwalimu na Haki ya Kuchagua

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki dunia Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mjini London mwaka 1999, hotuba huwa nyingi nchini kote. Sisi wa Kilakala, tunaofungua milango yetu kila asubuhi na kuikuta milima ya Uluguru imesimama mbele yetu, hatuna upungufu wa sifa za kumpa Baba wa Taifa. Lakini sifa zinazokaririwa bila kupimwa hatimaye humfanya marehemu awe sanamu, na sanamu haimuulizi mtu swali. Mwalimu aliishi kwa kuuliza maswali. Kwa hiyo leo tumeona ni vema tuyatazame maisha yake kwa upande mmoja tu: jinsi alivyoisoma nadharia ya siasa ya nchi za Magharibi, jinsi alivyoikosoa demokrasia ya kiliberali, jinsi dawa aliyoitoa ilivyofanya kazi na ilivyoshindwa, na deni alilotuachia sisi makada wa Chama alichokiasisi.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Watu wake hawakuwa na desturi ya mfalme mwenye kauli isiyopingwa. Mambo mazito yalizungumzwa na wazee mpaka wakubaliane. Wasomaji wetu wa Uluguru hawatashangazwa na hayo. Waluguru nao waliishi kwa koo zinazofuata upande wa mama, kila ukoo na ardhi yake na wakubwa wake, na usultani mmoja juu ya milima yote uliwekwa na Waingereza kwa urahisi wa utawala wao. Wazo la kuzungumza mpaka kukubaliana lilikaa moyoni mwa Mwalimu tangu utoto, na baadaye alilifanya kuwa jiwe la msingi la siasa yake.

Aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, kisha akaenda shule ya Serikali ya Tabora, na mwaka 1943 akafika Makerere. Huko alikutana na maandishi ya John Stuart Mill, Mwingereza wa karne ya 19. Mwaka 1944 kijana huyo alichukua hoja za Mill juu ya kunyongeshwa kwa wanawake akazitumia kueleza hali ya wanawake wa Kizanaki. Tunalitaja jambo hili kwa sababu hapa petu Kilakala ipo shule ya sekondari ya wasichana iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll kwa jina la Marian College, kisha ikataifishwa chini ya uongozi wa Mwalimu na kupewa jina la mahali hapa. Mabinti wengi waliosoma hapo hawakupata kulisikia jina la Mill, lakini walisoma katika nchi ambayo kiongozi wake alikwisha kulitafakari suala lao tangu alipokuwa mwanafunzi.

Mill huyo huyo, hata hivyo, alikuwa na upande mwingine. Kwa miaka 35 alikuwa mtumishi wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, iliyotawala mamilioni ya Wahindi bila kuwauliza. Aliandika kwamba uhuru aliokuwa akiutetea hauwahusu watu aliowaona kuwa bado hawajastaarabika. Hata kwa Waingereza wenzake alipendekeza mwenye elimu apewe kura zaidi ya moja. Hapa ndipo tunapoiona kasoro iliyomo katika mzizi wa demokrasia ya kiliberali. Ilisema binadamu wote ni huru, kisha ikasimama mlangoni na kuchagua nani aingie.

Mwaka 1949 Mwalimu alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. Nchi aliyoishi ilijisifu kuwa mama wa mabunge. Lakini historia yake ilionyesha kwamba kwanza kulikuwa na mali, soko na mahakama za kuilinda mali, na kura ilikuja nyuma sana. Wanaume waliipata hatua kwa hatua kwa sheria za 1832, 1867 na 1884 na baada yake, na wanawake walipata kura sawa na wanaume mwaka 1928 tu. Profesa C. B. Macpherson wa Toronto alilieleza jambo hilo kwa ufasaha katika mihadhara yake ya mwaka 1965: dola hizo zilikuwa za kiliberali kwanza, yaani za ushindani wa soko, na demokrasia ikapachikwa juu yake baadaye. Karne mbili kabla yake Rousseau alikwisha kuona kwamba Waingereza walikuwa huru siku ile ya kuwachagua wabunge tu, kisha wakarudi utumwani mpaka uchaguzi mwingine.

Mwalimu alirudi akafundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Miongoni mwa waasisi waliokuwapo siku hiyo alikuwamo Patrick Kunambi, Mluguru. Mwaka uliofuata milima hii yenyewe ilitoa somo la siasa ambalo halikuhitaji kitabu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya wataalamu huenda ilikuwa njema, kwa kuwa udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji kweli. Lakini kazi ilikuwa ngumu, matuta yalifukua udongo usio na rutuba, na mwenye shamba hakuulizwa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akapoteza maisha, na mpango ule ukafa. Tunawaomba wasomaji wayaweke akilini matuta hayo, maana tutayarudia.

Mwaka 1958 wakoloni walileta demokrasia yao kwa kipimo. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato, elimu au cheo cha namna fulani, na kila mmoja alilazimika kumpigia kura Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Wengi katika TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu aliwashawishi wenzake waingie, kwa hoja kwamba kukaa nje ni kuwaachia wengine nyumba. Waliingia wakashinda. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuikosoa demokrasia ya kiliberali hakuikosoa kwa kuiogopa. Alicheza mchezo huo kwa kanuni za mpinzani na akamshinda.

Ushindi huo ndio uliozaa tatizo. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na sehemu kubwa ya viti hivyo haikupigiwa kura kabisa, kwa kuwa mgombea alikuwa mmoja tu. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais, Mwalimu alipata kiasi cha asilimia 98 ya kura dhidi ya Zuberi Mtemvu. Kiongozi mwingine angeshangilia na kulala. Mwalimu aliona kwamba ushindi wa namna hiyo unamnyang'anya mwananchi haki yake. Ikiwa chama kimoja kina nguvu kiasi hicho, basi anayeteuliwa na chama amekwisha kuwa mbunge kabla ya mkulima wa Mgeta au Matombo kuiona karatasi ya kura. Kwa sheria ni demokrasia ya vyama vingi, lakini kwa vitendo uchaguzi umefanywa na watu wachache katika chumba kimoja.

Hoja hiyo aliieleza katika kijitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama. Alisema, kwa ufupi, kwamba vyama viwili vya Uingereza vilitokana na mgawanyiko wa matajiri na maskini. Kwamba nidhamu ya chama huwafunga wabunge midomo wasiseme wanachokiamini. Na kwamba pale ambapo chama ni cha taifa zima, watu wanaweza kujadiliana kwa uhuru zaidi kuliko pale ambapo kila upande unatafuta kumwangusha mwenzake. Mwaka huo huo ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambamo umati wa Roma unamshangilia Brutus, na punde si punde unamshangilia Antony aliyekuja kuipindua hoja yake. Huenda aliyeifanya kazi hiyo usiku, baada ya shughuli za Ikulu, alikuwa akiitafakari hatari ya kuiachia nchi mikononi mwa wasemaji hodari.

Januari 1964 aliunda Tume chini ya Mzee Rashidi Kawawa, na mwaka 1965 ikapatikana Katiba ya Muda ya chama kimoja. Hapa ndipo ubunifu wake ulipoonekana. Kanuni ilikuwa kwamba Chama kitaweka wagombea wawili katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wote wawili walisimama katika jukwaa moja, mkutano uliandaliwa na Chama, na ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, rangi au dini. Septemba 1965 wananchi walipiga kura, na mawaziri wawili pamoja na mawaziri wadogo kadhaa wakaangushwa. Hapa Morogoro wananchi walimpeleka Bungeni Ndugu Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, kwa kura za Waafrika, miaka michache tu baada ya wakoloni kudai kwamba kila rangi lazima iwe na kiti chake. Katika nchi nyingi za vyama vingi wakati huo, waziri kuangushwa na wakulima lilikuwa jambo la nadra. Mwaka 1966 iliongezwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambako mwananchi wa kawaida aliweza kumshitaki ofisa aliyemwonea.

Tungeishia hapo tungekuwa tumeandika sifa tu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika kiti kimoja, cha Rais, mgombea alibaki mmoja, na mwananchi aliulizwa ndiyo au hapana. Na kulikuwa na kasoro kubwa zaidi, ambayo Robert Michels aliieleza mwaka 1911 alipokichunguza chama cha wafanyakazi cha Ujerumani: kila chombo kikubwa, hata kile kilichoundwa kwa ajili ya usawa, huzaa tabaka dogo la viongozi wanaokigeuza kuwa mali yao. Mwalimu alikuwa amewapa wananchi uwezo wa kumbadilisha mbunge. Hakuwapa uwezo wa kukibadilisha Chama.

Matokeo yalionekana. Sheria ya mwaka 1962 iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani ilibaki na kutumika. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa Chamani, na kwa kufukuzwa huko wakapoteza viti walivyopewa na wapiga kura wao. Mwaka 1969 Chama kilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho wanakijiji wa Litowa na vijiji vingine walikuwa wamekijenga kwa mikono yao, wakiishi kijamaa kabla hata ya Azimio la Arusha, na ambacho Mwalimu mwenyewe alikipenda. Mwongozo wa mwaka 1971 uliwaambia wafanyakazi wasikubali kunyanyaswa na wakubwa wa kazi. Wafanyakazi wa viwanda kadhaa wa Dar es Salaam walipoufuata Mwongozo huo, baadhi yao walifukuzwa kazi.

Kisha vikaja vijiji. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini. Lililokuwa hiari likawa operesheni. Katika sehemu nyingi watu walihamishwa kwa nguvu na nyumba zikabomolewa. Serikali za mitaa zilikwisha kuvunjwa mwaka 1972, na mwaka 1976 vikafuata vyama vya ushirika. Sasa tuyarudie matuta ya Uluguru. Ofisa wa kikoloni wa mwaka 1955 alijua kinachomfaa Mluguru, wala hakumuuliza. Kada wa mwaka 1974 alijua kinachomfaa mkulima, wala naye hakumuuliza. Wa kwanza alikuwa mgeni na wa pili alikuwa ndugu, nasi hatuwaweki katika kapu moja, maana shabaha zao zilikuwa mbalimbali. Lakini kwa mwenye shamba amri ilikuwa amri, na wazo la wazee kuzungumza mpaka wakubaliane lilikuwa limegeuka kuwa wazee kukaa kimya mpaka mkutano uishe.

Je, hayo yanathibitisha kwamba aliyeikosoa demokrasia ya kiliberali alikosea tangu mwanzo? Kwa maoni yetu, sivyo. Makosa ya demokrasia ya mabwanyenye aliyoyataja yapo hata leo: fedha zinazonunua kampeni, wabunge waliofungwa midomo na vyama vyao, na mwananchi anayekumbukwa mara moja kila baada ya miaka mitano. Lakini ukosoaji huo una njia panda. Michels, aliyeanza upande wa wafanyakazi, alimaliza maisha yake akiwa mfuasi wa Mussolini. Mjerumani Carl Schmitt, aliyeyachambua mabunge kwa ukali mwaka 1923, alijiunga na chama cha Hitler mwaka 1933. Wote wawili waliuona uongo uliomo katika mabunge ya matajiri, kisha wakakata shauri kwamba mwananchi hana haja ya kuulizwa.

Mwalimu alipita njia nyingine, na ndiyo sababu tunamheshimu hata tunapoyataja makosa yake. Mwaka 1985 aliuacha Urais kwa hiari yake, na mwaka 1990 akauacha Uenyekiti wa Chama. Alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na ushirika lilikuwa kosa. Na mwaka 1990, baada ya tawala za Ulaya ya Mashariki kuporomoka, yeye aliyekuwa mtetezi mkubwa wa chama kimoja ndiye aliyesema mjadala wa vyama vingi si haramu, na kwamba chama kisicho na mshindani kinaweza kulala usingizi. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliyoundwa mwaka 1991 ilikuta zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee. Kwa hesabu ya mikono, shauri lingekuwa limekwisha. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na Mwalimu aliunga mkono, kwa kuwa aliona si haki kuipuuza sauti ya wachache kwa sababu tu wao ni wachache. Sheria ya vyama vingi ikaanza kufanya kazi Julai 1992.

Tena hakuishia hapo. Mwaka 1993 aliandika kitabu kizima kuwakosoa viongozi wa Chama chake mwenyewe. Na Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba mwananchi ana haki ya kugombea bila kupitia chama, kisha Katiba ikabadilishwa kuizima hukumu hiyo, Mwalimu alisimama upande wa mgombea binafsi. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa hukumu iliyoelekea upande huo huo. Mtu aliyesema mwaka 1963 kwamba chama kimoja kinatosha alifika mahali pa kusema kwamba hata vyama vingi havitoshi. Asiyemjua atadhani aligeuka. Sisi tunaona kwamba swali lake lilikuwa lile lile tangu mwaka 1960: je, mwananchi anachagua, au anaonyeshwa aliyekwisha kuchaguliwa?

Swali hilo sasa liko mlangoni petu. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wagombea wengi wa Chama chetu walipita bila kupingwa, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na vyama kadhaa kujitoa. Mwaka 2020 baadhi ya wabunge nao walipita hivyo hivyo. Wapo wenzetu walioshangilia. Tunawauliza kwa heshima kama wanakumbuka kwamba hali hiyo hiyo, ya mgombea mmoja asiyepigiwa kura, ndiyo iliyomkosesha Mwalimu usingizi na kumfanya abuni jembe na nyumba. Yeye alikuwa na ushindi wa asilimia 98, akatafuta njia ya kuwarudishia watu uchaguzi. Haiwezekani sisi tulio warithi wake tukatafuta njia ya kuwaondolea.

Sisi tuliokaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba kushauriana ni amri, hata kwa kiongozi anayejua zaidi kuliko anaowaongoza. Baadaye, katika vitabu vya siasa, tulikuta wanafalsafa wa Ulaya wakibishana juu ya jambo hilo hilo kwa majina mengine. Mwalimu alikuwa Mkatoliki, nasi tulisoma chuoni, lakini katika jambo hili hatuoni tofauti. Mashauriano ambayo jibu lake limekwisha kuandikwa si mashauriano.

Kwa hiyo tunatoa rai. Wanachama wa matawi na mashina ya hapa Kilakala na Morogoro nzima, tunapokutana kuwateua wagombea, tusione haya kuwa na majina mawili na matatu yanayoshindana kwa haki, wala tusimwite msaliti mwenzetu aliyeuliza swali gumu. Na tunapokutana na wagombea wa vyama vingine, tuwashinde kwa hoja mbele ya wananchi, kama TANU ilivyowashinda wakoloni katika uchaguzi uliopangwa ili ishindwe. Mkulima anayeteremka kutoka Uluguru na mzigo wake wa ndizi kichwani ana haki ya kukuta majina mawili katika karatasi ya kura, na kura yake ihesabiwe. Mwalimu alianza kumtafutia haki hiyo mwaka 1960, na kazi hiyo ametuachia sisi.